Nyufa za ardhini Kigoma: huo wa kiwanjani kwako na ule uliotengeneza ziwa

Swali limetoka kwa mdau wa Kigoma mjini, anajenga Bangwe kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Nimelifupisha: "Mtaalamu shikamoo. Baada ya mvua za mwaka huu kiwanja changu kimepasuka, mpasuko una urefu wa hatua kama arobaini, umejikunja kama upinde, upande wa chini umeshuka kidogo, na kuna sehemu mkono unaingia wote. Majirani wanasema bonde la ufa limetufikia, Afrika inagawanyika, na kwamba hata ziwa kupanda 2020 na 2021 ni ardhi inashuka. Naomba unieleze hizi nyufa za ardhi zinatokeaje na zinatembeaje, alafu uniambie kama niuze nikanunue karibu na shemeji yangu Tabora."

Marahaba ndugu yangu. Usiuze kitu kwa maneno ya majirani. Kwa jinsi ulivyoeleza, huo mpasuko sio bonde la ufa, ila kuna jambo lingine linaendelea kwenye huo mteremko na hilo unatakiwa ulishughulikie mapema, nalifikia sasa hivi.

Kwanza niweke sawa kitu kimoja maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Watu wa miamba tukisema ufa hatumaanishi pengo. Tunamaanisha mkato ndani ya mwamba ambao pande zake mbili zimeshawahi kusogeana, upande mmoja umeshuka, au umepanda, au umepita ubavuni mwa mwenzake. Mwamba ukipasuka tu na hakuna upande uliohama, huo ni mpasuko wa kawaida, na vilima vyote vya mawe unavyovijua vimejaa mipasuko ya aina hiyo na havina shida na mtu. Alafu ufa wenyewe kule chini haujaachama hata kidogo. Piga hesabu: mwamba una uzito wa tani kama 2.7 kwa kila mita moja ya ujazo, kwahiyo ukishuka kilomita 10 kila mita ya mraba imebebeshwa tani 27,000. Chini ya mzigo huo pengo halikai wazi. Pande mbili zimebanana kwa nguvu ambayo hakuna mashine ya binadamu inayoweza kuifungua, na huko kubanana ndo kunakozaa matetemeko, maana kama zingekuwa zimeachana zingepishana kimyakimya na mimi nisingekuwa na kazi.

Sasa huo wa kwako. Umejikunja kama upinde, uko kwenye mteremko, upande wa chini ndo umeshuka, umetokea baada ya mvua, na hujasema popote kwamba ulisikia tetemeko. Hayo yote kwa pamoja ni maporomoko yanayoanza, yaani udongo wa juu umelowa, umekuwa mzito, maji yameingia kati yake na mwamba, na kipande kizima kinajiandaa kuteremka. Ufa wa kijiolojia ukifika juu ya ardhi haujali kilima wala bonde, unakata moja kwa moja kwa kilomita kadhaa, unapita kwenye shamba la huyu na barabara na kwa yule, na unatokea ndani ya sekunde chache huku mji mzima ukiwa umetoka nje. Hatua arobaini za upinde hazifanani na hilo hata kwa mbali. Kwahiyo leo hii zuia maji yasiingie humo, chimba mtaro juu ya mpasuko uyapeleke pembeni, ujaze huo mpasuko kwa udongo wa mfinyanzi ushindilie vizuri, alafu piga vigingi viwili, kimoja kila upande, upime umbali kati yao kila wiki kwa tepu. Vikiendelea kuachana hamisha watu wanaolala upande wa chini na umwite injinia wa halmashauri. Angalia pia miti kama imeanza kuinama, na chini ya mteremko kama udongo umevimba, maana udongo unaoondoka juu lazima ujilundike mahali.

Hii ya kuchanganya mambo haijaanza kwako. Machi 2018 kule Kenya, upande wa Mai Mahiu na Suswa, mvua kubwa zilifungua korongo refu likakata barabara na picha zikazunguka dunia nzima eti Afrika imegawanyika. Wenzetu walioenda kukagua wakakuta kwa sehemu kubwa ni maji yamesomba majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaa chini ya udongo. Kweli pale ni ndani ya bonde la ufa, na kweli majivu laini hupenda kujaa kwenye nyufa za zamani, lakini kilichofungua korongo ni mvua.

Haya, tuje kwenye ufa wenyewe sasa, na wewe uko mahali pazuri sana pa kuuelewa, labda pazuri kuliko mtu yeyote anayesoma hapa, kwa sababu ukisimama kwenye kiwanja chako ukaangalia milima ya Kongo ng'ambo unaangalia kazi ya nyufa kwa macho yako. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, yaani ni jembamba na refu kupita kiasi, na kina chake kinafika mita 1,470 huko kusini, na bonde la kaskazini ambalo tunaliita la Kigoma nalo linapita mita 1,300. Uso wa maji uko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Toa hesabu uone: sakafu ya ziwa iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari ya Dar es Salaam. Na hiyo sakafu sio mwamba, ni tope na mchanga ulioletwa na mito kwa mamilioni ya miaka, unene wake kilomita kadhaa, kuna sehemu unapita 4. Kwahiyo mwamba uliokuwa juu zamani sasa hivi umezama kilomita nyingi, wakati kipande kilichobaki pembeni kimeinuka mpaka Mahale ambako kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Hiyo tofauti yote imetengenezwa na nyufa, mita mbili mbili, tatu tatu, tetemeko baada ya tetemeko, kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 mpaka 12.

Kinachovuta ni nini? Chini ya Afrika Mashariki kuna mwamba wa moto unaopanda kutoka ndani sana ya dunia, polepole mno, na umeinua eneo lote hili likawa uwanda wa juu. Ardhi iliyoinuliwa hivyo inataka kutanuka kwenda pembeni kwa uzito wake yenyewe, na wakati huohuo bamba la Nubia (bamba ni kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia kinachosogea polepole) ambalo limebeba sehemu kubwa ya Afrika linaachana na bamba la Somalia lililoko mashariki. Katikati yao kuna kibamba kidogo kinaitwa Victoria, ndo kimebeba ziwa Victoria na sehemu kubwa ya Tanzania bara, Tabora ikiwemo, na hicho kinajizungusha taratibu kinyume cha saa. Kwenye ukingo wake wa magharibi ndo wewe ulipojenga. Vipimo vya GPS vinaonyesha kwamba hapo Tanganyika pande mbili zinaachana kwa milimita 2 mpaka 3 kwa mwaka. Ndo kasi yenyewe hiyo. Anayekwambia atashuhudia Kigoma ikiachana na Kalemie, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya ziwa, amekuchezea akili.

Na kwa nini ufa umepita Kigoma na haujapita Tabora? Hapa mi napapenda sana. Katikati ya Tanzania kuna kipande cha ganda la dunia kilichozeeka vibaya, umri wake unapita miaka bilioni 2.5, kina mzizi mnene unaoshuka zaidi ya kilomita 150 na ni cha baridi na kigumu. Zile granaiti unazoziona ukiwa kwenye treni kuelekea Tabora, mawe makubwa yamekaa juu ya mengine, ndo kichwa cha kipande hicho. Nguvu za kuvuta zilipokuja zikashindwa kukipasua, zikazunguka: tawi moja la bonde la ufa likapita mashariki, Natron na Manyara huko, lingine likapita magharibi, Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa, Nyasa. Na hata magharibi halikujichagulia tu njia. Kuna ukanda wa miamba ya zamani, tunauita wa Ubende, unapita Mpanda na Sumbawanga kuelekea kusini mashariki, wenye umri wa karibu miaka bilioni 2, ambao ulishawahi kukunjwa na kukatwakatwa mabara yalipogongana zamani hizo. Ufa mpya ukikuta makovu kama hayo yameelekea upande unaofaa unayatumia tena, kwa sababu kufungua kovu la zamani ni rahisi kuliko kukata mwamba mzima. Ndo maana ukiangalia ramani kusini ya ziwa na Rukwa vimelala mlalo uleule wa Ubende.

Ufa unaanzaje ndani ya mwamba mzima? Hauanzi kama mstari mmoja mrefu. Kwanza mwamba unajaa vipasuko vidogovidogo, vingine ndani ya punje za madini zenyewe, havionekani kwa macho. Mvuto ukizidi vinaanza kuungana, vikiungana vinapata mlalo mmoja, na kama nguvu ni ya kutanua kama huku kwetu, mkato unalala kwa nyuzi kama 60 kutoka usawa wa ardhi, na upande ulio juu ya mkato unateleza kushuka. Hiyo ni aina ya kwanza, ufa wa kushuka. Sehemu ambazo mabamba yanagongana kama Himalaya mkato unalala zaidi na upande mmoja unapandishwa juu ya mwingine, na sehemu zinakopishana ubavu kwa ubavu kama San Andreas kule California mkato unasimama karibu wima na hakuna anayepanda wala kushuka, wanapita tu. Huku kwetu nyingi ni za kushuka, na hapa na pale zimechanganyika na za kupishana.

Alafu zinakua. Ufa mfupi unasogea kidogo, ncha zake zinaongezeka urefu kila unaposogea, unakutana na wa jirani, zinaungana zinakuwa ufa mmoja unaoweza kusogea zaidi. Kwenye ziwa letu zile kubwa za pembeni zina urefu wa kilomita kama mia moja kila moja, na hazikai pande zote mbili kwa usawa kama vitabu vya shule vinavyochora, bonde limeshuka katikati ya kuta mbili zinazofanana. Miaka ya 1980 watafiti wa mradi ulioitwa PROBE walipita ziwani na meli wakipima mawimbi ya sauti yanayorudi kutoka kwenye tabaka za chini, wakakuta sehemu moja ukuta mkuu uko upande mmoja tu na sakafu yote imeinamia huko, ukisogea kilomita kadhaa kusini au kaskazini ukuta unahamia upande wa pili na sakafu inainamia kule. Zinapokezana hivyo toka Burundi mpaka Zambia. Ndo maana kuna sehemu ya pwani milima imesimama juu ya maji kama Gombe, na kuna sehemu nchi inaingia ziwani taratibu kama maeneo mto Malagarasi unakomwaga maji. Mi mchoro ule wa shule ningeufuta kabisa.

Sasa kutembea. Chukua tyubu ya baiskeli, ifunge kwenye tofali lililoko kwenye sakafu ya saruji, alafu uivute taratibu sana bila kustua. Mwanzo tofali halitoki, tyubu ndo inarefuka, unaendelea kuvuta, inarefuka, mara tofali linaruka ghafla sentimita kadhaa, linasimama, tyubu imelegea, unaanza upya. We umevuta kwa kasi ileile muda wote, ila tofali limekwenda kwa kuruka. Msuguano kati ya tofali na saruji ni ule wa pande mbili za ufa, na tyubu ni mwamba wenyewe, maana mwamba unapinda na kurefuka kidogo kabla haujaachia, watu wengi hawalijui hilo. Zile milimita 2 au 3 kwa mwaka huwa zinaingia kwenye mwamba ulio mbali na ufa, pale kwenye ufa penyewe hakuna kinachosogea hata miaka mia. Miaka 1,000 kwa milimita 2 ni mita 2 za deni. Siku deni likishinda msuguano, ufa unaachia.

Hii sio nadharia ya mezani tu. San Francisco ilitikisika tarehe 18 Aprili 1906, na baada ya hapo profesa anaitwa Harry Fielding Reid akalinganisha vipimo vya ardhi vya toka katikati ya miaka ya 1800 na vile vilivyochukuliwa baada ya tetemeko. Akakuta maeneo yaliyo mbali na ufa yalikuwa yanahama miaka yote hiyo na yale ya karibu yameganda, alafu siku ya tetemeko ya karibu yakaruka kuwafikia wenzake. Uzio wa mashamba uliokuwa umenyooka ulikutwa umekatika na kupishana mita kadhaa. Reid alitoa maelezo yake 1910, na mwaka huohuo, tarehe 13 Desemba 1910, huku kwetu Rukwa likapiga tetemeko la ukubwa wa 7.4, ambalo mpaka leo halijapata mpinzani kwa tuliyoyapima Afrika Mashariki. Wajerumani ndo walikuwa wanatawala. Unaofikiriwa kuachia siku ile ni ufa wa Kanda, karibu na Sumbawanga, na ukuta wake bado unaonekana kwenye ardhi.

Ufa ukiachia hauachii wote kwa mpigo. Unaanzia sehemu moja ndogo chini, alafu kuachia kunasambaa kwenye uso wa ufa kwa kasi ya kilomita 2 mpaka 3 kwa sekunde. Kwahiyo ufa wa kilomita mia unaweza kuchukua nusu dakika na zaidi kumaliza, na muda wote huo unarusha mawimbi. Wimbi la kwanza linakwenda kilomita kama 6 kwa sekunde, hilo ndo ule mshtuko mfupi ambao mbwa huwa wanauwahi, la pili linakwenda kilomita tatu na nusu hivi na ndo linaloyumbisha nyumba. Ukihesabu sekunde kati ya la kwanza na la pili ukazidisha kwa 8 unapata makadirio ya kilomita toka kwenye chanzo, jaribu siku likipita dogo. Na ile namba ya ukubwa usiichukulie poa, kupanda kutoka 5 hadi 6 nishati inazidi mara 32 hivi, kutoka 5 hadi 7 ni mara 1,000.

Kama ulikuwa Kigoma tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na kama dakika ishirini mchana, unajua naongelea nini. Ukubwa 6.8, chanzo chini ya ziwa upande wa Kongo, Kalemie ndo waliumia zaidi, lakini liliyumbisha mpaka Dar na Nairobi. Kwa nini mbali hivyo? Kwa kawaida ganda la dunia likishuka zaidi ya kilomita 15 linakuwa na moto kiasi kwamba mwamba haukatiki tena, unalegea na kutiririka taratibu sana, na matetemeko yanaishia hapo. Huku tawi letu la magharibi mambo ni tofauti, ganda ni la zamani, limepoa na halina maji mengi ndani, kwahiyo linakatika hata likiwa chini sana. Lile la 2005 lilianzia kilomita 20 na kitu chini. La Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9, lilianzia kama kilomita 40. Ufa unaofika chini hivyo una eneo kubwa la kuachia, na kutikisika kwake kunafika mbali. Lile la Kagera liliua watu 17 kwa hesabu iliyotangazwa, tena wengi waliangukiwa na kuta, na ufa wala haukutoka juu ya ardhi.

Nigusie na zile nyufa tulivu. Zipo ambazo hazisubiri, zinateleza kidogokidogo kila siku, kuna mji California unaitwa Hollister, ufa unapita katikati ya mji na kingo za barabara zinapinda mwaka hadi mwaka hakuna anayekufa. Inategemea ni unga gani umejaa kwenye mkato, maana pande mbili zikisuguana muda mrefu zinasaga mwamba kuwa unga laini, na baadhi ya udongo wa mfinyanzi unaozaliwa humo unateleza vizuri. Maji nayo yana mchango mkubwa. Yakiingia kwenye ufa kwa presha yanabeba sehemu ya ule mzigo unaozibana pande mbili, msuguano unapungua, ufa unaachia kabla ya siku zake. Bwawa la Kariba lilipojazwa kuanzia 1958 matetemeko yalianza kuongezeka pale, na 1963 yakafikia ukubwa wa karibu 6. Kwenye bwawa la Koyna kule India 1967 ilikuwa mbaya zaidi.

Najua sasa utaniuliza, basi ziwa kupanda 2020 kungeweza kuamsha ufa? Fikiria kina. Umeongeza mita chache juu ya mita zaidi ya elfu moja ambazo zimekaa hapo mamilioni ya miaka, Kariba ilitoka kwenye mto mpaka bwawa la kina cha zaidi ya mita 90 ndani ya miaka michache, ni vitu viwili tofauti. Na ardhi haikushuka. Maji yalipanda kwa sababu mvua zilikuwa nyingi miaka mfululizo na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, mwembamba na unaoziba. Wazee wa Ujiji wanaweza kukusimulia vizuri kuliko mimi: Livingstone na Stanley walipokutana pale 1871 maji yalikuwa karibu na mji, yakaendelea kupanda mpaka 1878 hivi kwa sababu Lukuga ilikuwa imezibwa na mimea na tope, alafu kizuizi kikavunjika na ziwa likashuka takriban mita 10 kwa chini ya miaka 20. Leo mnara wa kumbukumbu uko mbali na ufukwe. Mita 10 zote hizo zilikwenda bila ufa kuhusika, kwahiyo zile nyumba za Kibirizi zilizoingia maji msizisingizie bonde la ufa.

Kuhusu lini litapiga lingine, hakuna mtu duniani anayetaja siku na saa. Ikiingia meseji kwenye grupu eti wanasayansi wamesema saa nne usiku wa leo tokeni nje, ifute. Tunachoweza ni kusema ukanda gani una deni na nyumba gani haitastahimili. Vituo vya kupima matetemeko vya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ndo sehemu ya kupata taarifa, sio status ya mtu. Na kwa sababu unajenga sasa hivi, mwambie fundi wako lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika na nondo za kona zikunjwe zishikane, sio zikutane tu. Tofali za udongo juu ya tope bila mkanda wa zege ndo zilizowaangukia watu Kagera.

Sasa Tabora kwa shemeji. Kwa upande wa matetemeko Tabora imetulia kuliko Kigoma, hilo sikufichi, mengi yanayosikika pale yamezaliwa mbali. Ila usidhani haina nyufa. Imejaa. Zimekufa tu, zilisogea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, zikajazwa na maji ya moto yaliyobeba madini, yakapoa yakaacha kwatsi nyeupe na humo dhahabu, na ndo hiyo ambayo vijana wanachimbia maduara kule Nzega, wanafuata ufa uliokufa bila kujali jina lake. Na kuna jambo linalokuhusu zaidi kama utanunua kweli. Granaiti nzima haina nafasi ya kutunza maji, maji ya kisima yanakaa kwenye mipasuko na nyufa hizohizo za zamani na kwenye udongo uliooza juu ya mwamba. Majirani wawili wanachimba, mmoja kapata maji mita 40, mwenzake hatua sitini pembeni kapita mita 90 anatoa unga mkavu na hela ya mashine imeshalipwa. Kwahiyo kabla hujampa mtu pesa Tabora muulize shemeji visima vya jirani vimepigwa wapi, vimesimama kwenye mstari upi, na kama kuna mtu wa kupima maji ardhini kabla ya kuchimba mlipeni kwanza huyo.